Kura ya Shabiki na Karatasi ya Mwenye Ulingo

Waheshimiwa wazee mlioketi safu ya mbele, mama zangu na dada zangu, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kuwa viti vimekwisha, ninawashukuru kwa kunialika. Mwenyekiti wenu aliponipigia simu alinieleza kwamba upo ubishi ambao umewachosha hata wabishi wenyewe: mashabiki wa mieleka wanapoambiwa wapige kura ili waamue nani apambane na nani, kwa masharti gani, na mwamuzi awe nani, je, kura hiyo ni kura kweli au ni kiini macho? Upande mmoja unasema kila kitu kimeshapangwa, kwa hiyo kura ni mapambo tu. Upande wa pili unasema asilimia zilionekana kwenye skrini, na macho hayana pazia. Mimi nimekuja kusema kwamba pande zote mbili zinauliza swali lisilofaa, na nitajitahidi kueleza swali linalofaa ni lipi kabla jua halijazama.

Tuanze na lile lisilo na ubishi. Mieleka ya maonyesho ni mchezo ambao mshindi wake anajulikana kwa waandishi wa hadithi kabla kengele haijalia. Siri hiyo, kama iliwahi kuwa siri, ilitolewa na wenyewe mwaka 1989, pale kampuni iliyokuwa ikiitwa WWF, ambayo leo ni WWE, ilipolieleza Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey kwamba kazi yake ni burudani na si mashindano halisi ya riadha, ili iondokane na usimamizi wa tume ya michezo na gharama zake. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza hatukuhitaji ushahidi wa Seneti. Tulikaa kwenye mabenchi ya mbao, magoti yamegusana, jasho linatiririka, tukitazama mapambano ambayo kule kwao yalikuwa yameshasahauliwa, na tulikuwa na msamiati wetu uliotutosha: yupo steringi, yupo adui, na steringi hafi. Undertaker tulimwita Andateka, na hakuna aliyeuliza marehemu anawezaje kutembea mwenyewe hadi ulingoni. Tulijua ni hadithi. Tulichogombania, wakati mwingine hadi mwenye kibanda akazima televisheni, ni hadithi hiyo ielekee wapi.

Kumbukeni jambo hilo, maana ndilo lililowekwa sokoni mwaka 2004. WWE haikuwaomba watazamaji wake wachague mshindi. Iliwaomba wachague njia ya kufika kwenye pambano: mpinzani, silaha, aina ya ulingo, mwamuzi. Mshindi alibaki mikononi mwa waandishi. Kwa hiyo anayesema kura haikuwa na maana kwa sababu mshindi alikuwa amepangwa anakosea, kwani anaipima kura kwa kazi ambayo haikupewa.

Usiku wa tarehe 19 Oktoba 2004, siku ya Jumanne, katika ukumbi wa Bradley Center mjini Milwaukee, jimbo la Wisconsin, kampuni hiyo ilifanya onyesho la kulipia lililoitwa Taboo Tuesday, jina ambalo sisi tungeweza kuliita Jumanne ya Mwiko. Karibu kila pambano lilitangazwa likiwa na pengo, na pengo hilo lilikuwa lijazwe na kura zilizopigwa kwenye tovuti ya kampuni. Huku kwetu ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumatano. Sidhani kama kuna mtu katika mtaa wetu aliyepiga kura usiku ule, maana waliokuwa na intaneti nyumbani walihesabika, na waliokuwa nayo walikuwa wamelala. Lakini hadithi ya usiku ule ilitufikia, na ndani yake mlikuwa na mambo mawili ambayo nitakaa nayo kwa muda.

La kwanza ni pambano la ufunguzi. Chris Jericho, aliyekuwa akishikilia mkanda wa Intercontinental, yaani ubingwa ulio chini ya ule wa dunia, alitembea hadi ulingoni huku mpinzani wake hajatangazwa. Orodha iliyopelekwa kwa wapiga kura ilikuwa na majina 15, na miongoni mwao alikuwamo Batista, yule jitu ambaye miezi michache baadaye angechukua ubingwa wa dunia kwenye WrestleMania, onyesho kubwa la mwaka la WWE. Asilimia 37 ya kura zilimwangukia Shelton Benjamin, kijana aliyewahi kuwa mwanamieleka wa Chuo Kikuu cha Minnesota, mtu wa miguu myepesi na maneno machache. Akaingia, akapigana, akachukua mkanda. Hakuuazima kwa usiku mmoja tu, kwani alikaa nao hadi Juni 2005, kiasi cha miezi 8. Majina 15 ni mengi mno kwa mtu anayetaka kuwaongoza wapiga kura kwa kamba. Ukiwa na majina mawili unaweza kumpandisha mmoja na kumshusha mwingine ndani ya wiki tatu za matangazo, lakini ukiwa na majina 15 umefungua mlango, na atakayeingia ni lazima umpokee.

Jambo la pili ni pambano la mwisho. Triple H alikuwa bingwa wa dunia, na wagombea wa kupambana naye walikuwa watatu: Shawn Michaels, Edge, na Chris Benoit, ambaye jina lake, tangu alipomwua mkewe na mwanawe kisha akajiua mwaka 2007, hatulitaji bila uzito moyoni. Michaels alipata asilimia 39, Edge 33, Benoit 28. Sasa, Michaels alikuwa ameumia goti kikweli, si kwa hadithi, na alihitaji kufanyiwa upasuaji. Mwandaaji yeyote mwenye akili, angekuwa na uhuru wake wote, asingemweka mtu mwenye goti bovu kwenye pambano kuu la onyesho ambalo watu wamelilipia. Mashabiki wakamweka. Michaels akaingia akichechemea, na waandishi wakalazimika kujenga pambano juu ya goti lile lile.

Lakini tazameni walichofanya na walioshindwa kwenye kura, maana hapo ndipo palipo na ufundi. Ilikuwa imetangazwa kwamba wagombea wawili watakaokosa nafasi watashirikiana usiku ule ule kuwania mikanda ya timu za watu wawili dhidi ya timu ya La Résistance. Edge, aliyeachwa kwa asilimia 6 tu, akamtelekeza mwenzake katikati ya pambano na kuondoka zake, na Benoit akashinda peke yake. Kisha, Michaels alipokaribia kumwangusha Triple H, Edge akarudi na kumgonga Michaels kwa bega, na bingwa akabaki bingwa. Kuanzia hapo Edge akawa adui kamili, mtu mwenye kinyongo kwa umma uliomkataa, na kinyongo hicho hakikuhitaji kutungwa kwa sababu asilimia zilikuwa zimeonyeshwa mbele ya watu wote. Mwandishi wa hadithi anaweza kubuni sababu mia za mtu kuwa mbaya, lakini hawezi kupata sababu iliyo bora kuliko hii: waliulizwa kama wananitaka, wakasema hapana.

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapolipata swali ambalo nilisema linafaa. Badala ya kuuliza kama kura zilihesabiwa kwa haki, tuulize hivi: je, matokeo yangeweza kumwuma aliyeiandaa kura? Kama jibu ni ndiyo, kura hiyo ina uhai, hata kama imefungwa ndani ya uzio. Kama jibu lolote ambalo shabiki angelitoa lingemfurahisha mwenye ulingo kwa kiwango kile kile, basi shabiki ameombwa abonyeze kitufe kwa ajili ya mazoezi ya kidole.

Wazee wetu mtanisaidia hapa, maana mlipiga kura ya jembe na nyumba. Mwaka 1965 chama kilikuwa kimoja, na wagombea wawili wa ubunge katika karibu kila jimbo walikuwa wameshachujwa na chama hicho hicho. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, na yeyote ambaye angeshinda, TANU ilikuwa imeshinda. Karatasi ya kura iliandikwa na mwenye ulingo. Hata hivyo, Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alikipoteza kiti chake, na hakuwa mkubwa pekee aliyeangushwa. Karatasi ilikuwa finyu lakini iliuma. Katika uchaguzi huo huo, nafasi ya rais ilikuwa na jina moja, na mwananchi aliulizwa ndiyo au hapana. Sisemi hayo ili niingize siasa kwenye mieleka. Mieleka ina siasa zake za kutosha. Nasema kwa sababu hatuhitaji kwenda Milwaukee ili kujua kwamba kura mbili zinaweza kupigwa siku moja, kwenye kituo kimoja, moja ikiwa na meno na nyingine ikiwa kibogoyo.

Basi tuchukue kipimo hicho tukipitishe kwenye maonyesho yaliyofuata. Tarehe 1 Novemba 2005, huko San Diego, Mick Foley alipangiwa kupambana na Carlito, na mashabiki wakaombwa wachague ni yupi kati ya sura tatu za Foley aingie ulingoni: Mankind wa kinyago cha ngozi, Dude Love wa mavazi ya rangirangi, au Cactus Jack wa fujo na nyaya za miiba. Wote watatu ni mtu mmoja. Mankind akashinda. Kura hiyo haikumwuma mtu yeyote isipokuwa mtunza mavazi, lakini nikiri kwamba niliipenda, kwani haikuwa na unafiki ndani yake. Ilikuwa ni kumwomba mzee wa ngoma aanze na wimbo upi. Usiku huo huo Batista alipangiwa Jonathan Coachman, mtangazaji ambaye kazi yake ilikuwa kuchokonoa watu kwa mdomo, na mashabiki wakapewa nafasi ya kuchagua kati ya mapigano ya mtaani yasiyo na sheria, kupimana nguvu za mkono mezani, na mdahalo wa maneno. Asilimia 91 wakachagua mapigano. Ningependa kukutana na wale waliochagua mdahalo. Lakini ninyi mnaona wenyewe: hiyo si karatasi ya kura, hiyo ni sahani ya pilau iliyowekwa katikati ya vikombe viwili vya maji, kisha mgeni anaambiwa achague chakula.

Hila hiyo ilirudiwa mara nyingi. Stone Cold Steve Austin, nyota wa zamani, aliwekwa kwenye karatasi ya kumchagua mwamuzi wa pambano la Batista na Undertaker tarehe 28 Oktoba 2007 mjini Washington, akishindana na Mick Foley na JBL, na akapata asilimia 79. Mwaka uliofuata, huko Phoenix, aliwekwa tena, na akachaguliwa tena. Popote palipokuwa na mtu wa zamani kwenye orodha, kura zilimfuata. Jimmy Snuka alichaguliwa mwaka 2005, Roddy Piper mwaka 2006, Honky Tonk Man mwaka 2008. Huyu wa mwisho alikuwa amekaa na mkanda wa Intercontinental kwa siku 454 kati ya mwaka 1987 na 1988, rekodi ambayo ilidumu hadi Gunther alipoivunja Septemba 2023, na Santino Marella, bingwa mchekeshaji wa wakati ule, alikuwa akijigamba kwamba ndiye atakayeivunja. Kumchagua mwenye rekodi aje amtie adabu mwenye majigambo ni uamuzi ambao hata mtoto angeufanya. Shabiki anapenda kukumbuka, na mwandaaji anajua bei ya kumbukumbu.

Nisije nikaonekana ninawadharau wapiga kura. Kura ya Piper ilikuwa na utamu wake. Onyesho lilikuwa limeshahamishiwa Jumapili na kuitwa Cyber Sunday, na tarehe 5 Novemba 2006, mjini Cincinnati, mashabiki walimchagua Piper mbele ya Dusty Rhodes na Sgt. Slaughter ili amsaidie Ric Flair dhidi ya vijana wa Spirit Squad. Wazee wale wawili wakatwaa mikanda ya timu. Kabla mwezi haujaisha, Piper aligundulika kuwa na saratani ya tezi za limfu. Mkanda ule, uliotokana na kura ya watu waliotaka kumwona tena mtu waliyemchukia na kumpenda tangu utotoni, aliuchukua akiwa tayari anaumwa bila kujua.

Sasa nizungumzie jambo ambalo waandaaji wa mazungumzo haya walisita kidogo nilipowaambia kwamba nitaligusa. Katika maonyesho yale ya mwanzo, wanaume walipigiwa kura juu ya mikanda, wapinzani na silaha. Wanawake walipigiwa kura juu ya nguo. Mwaka 2004 mjini Milwaukee, Trish Stratus alikuwa bingwa wa wanawake na mkanda wake ulikuwa hatarini dhidi ya kundi zima la wapinzani, na swali walilopewa mashabiki lilikuwa kama wanawake hao wavae sare ya mwanafunzi, ya muuguzi au ya mtumishi wa ndani. Mwaka 2005 swali lilikuwa la namna hiyo hiyo. Ninaipima kura hiyo kwa kipimo chetu: jibu lolote lingemridhisha mwenye ulingo, na waliobeba gharama ni wale ambao hawakuulizwa. Trish Stratus alikuwa mwanamieleka hodari, na kwa miaka ile alikuwa bora kuliko wanaume kadhaa waliopewa muda mara tatu ya wake. Watu watasema zamani ndivyo ilivyokuwa. Miaka 20 si zamani hiyo, na mtu aliyeandika maswali yale aliyaandika akiwa macho.

Jibu la mashabiki lilikuja bila kuombwa. Tarehe 23 Februari 2015, katika onyesho la kila Jumatatu la Raw, pambano la wanawake wanne lilianza na kumalizika ndani ya takriban nusu dakika. Usiku ule mtandao wa Twitter ulijaa maneno ya kudai wanawake wapewe nafasi, na wimbi hilo lilidumu muda mrefu kiasi kwamba Vince McMahon mwenyewe, mwenye kampuni, alijibu hadharani kwamba wamesikika. Aprili 2016 mkanda wa zamani wa wanawake, uliokuwa na umbo la kipepeo, uliwekwa kando na mkanda mpya ukaletwa, na Oktoba mwaka huo Charlotte na Sasha Banks wakafunga onyesho la kulipia wakiwa ndani ya kizimba cha chuma. Hakukuwa na tovuti ya kupigia kura, hakukuwa na machaguo matatu, na hakuna aliyetangaza asilimia. Lakini kura hiyo iliuma, na ndiyo maana ilizaa kitu.

Kuhusu mwisho wa Cyber Sunday sina mengi. Mwaka 2008 kura ziliondolewa kwenye tovuti zikahamishiwa kwenye ujumbe mfupi wa simu, kwa wateja wa simu za Marekani peke yao, na sote tuliobaki duniani tukawa watazamaji wa uchaguzi wa wengine. Mwaka 2009 onyesho likaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Bragging Rights. Baadaye zikaja kura za Twitter na za programu ya simu ndani ya Raw, nyingi zikiwa za mambo madogo madogo, na ziliisha kama zilivyoanza, kimya kimya.

Kilichobaki ni ile kura ya zamani kuliko zote, yaani sauti. Usiku wa tarehe 26 Januari 2014 mjini Pittsburgh, wanaume 30 walikuwa waingie mmoja mmoja kwenye pambano la Royal Rumble, ambalo mshindi wake hupata nafasi ya kuwania ubingwa kwenye WrestleMania, na ukumbi mzima ulikuwa ukimsubiri Daniel Bryan, mtu mfupi mwenye ndevu ambaye kampuni haikumwona kuwa sura ya bingwa. Namba 30 ilipoingia, alikuwa ni Rey Mysterio. Rey Mysterio, kipenzi cha watoto, mtu ambaye hakuwa amemkosea yeyote, alizomewa hadi akatolewa nje, na Batista, aliyeshinda, alizomewa zaidi. Wiki chache baadaye mpango ulibadilishwa, na tarehe 6 Aprili huko New Orleans Daniel Bryan aliondoka na ubingwa. Mwaka 2019 sauti ile ile ilimbeba Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, ambaye alipata nafasi kwa kuwa mwenzake aliumia, akapigana vizuri mno, na mashabiki wakakataa kumwachia arudi alikotoka. Tarehe 7 Aprili alimshinda Daniel Bryan, ndiyo, Bryan huyo huyo, akawa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Katika mtaa wetu watu ambao hawakuwa wametazama mieleka kwa miaka 10 walipigiana simu. Na Februari 2024, ilipoonekana kwamba Cody Rhodes anampisha The Rock kwenye pambano dhidi ya bingwa Roman Reigns, mashabiki walikataa kwa kishindo hadi karatasi ikaandikwa upya, na Cody akamshinda Reigns mjini Philadelphia mwezi Aprili.

Mtaniuliza: kama sauti inatosha, kura ya hesabu ni ya nini? Swali zuri, na jibu lake naliona Japani.

Mwishoni mwa mwaka 2013 kampuni ya New Japan Pro-Wrestling ilikuwa ikijiandaa kwa onyesho lake kubwa la mwaka, Wrestle Kingdom, ambalo hufanyika tarehe 4 Januari kwenye uwanja wa Tokyo Dome. Tetsuya Naito alikuwa ameshinda mashindano ya kiangazi ya G1 Climax, na kwa desturi ushindi huo ulimpa haki ya kumkabili bingwa, Kazuchika Okada, katika pambano la kufunga usiku. Tatizo lilikuwa kwamba mashabiki hawakumpenda Naito. Alikuwa amepangwa kuwa steringi na ukumbi haukukubali. Kampuni ikaamua kuwauliza watu: usiku ufungwe na ubingwa mkuu wa Okada na Naito, au na mkanda wa pili kwa hadhi, ambao Shinsuke Nakamura alikuwa anautetea dhidi ya Hiroshi Tanahashi? Watu wakamchagua Nakamura na Tanahashi. Ubingwa mkuu wa kampuni, mkanda ambao heshima yote ya nyumba imejengwa juu yake, ukashushwa ukawa pambano la kabla ya mwisho, na mtu aliyekuwa ameandaliwa kwa miezi mingi akaambiwa kwa tarakimu kwamba hatakiwi.

Ninaihesabu kura hiyo kuwa ya kweli kuliko zote nilizozitaja leo, na sina haja ya kujua nani alizihesabu. Sauti ya ukumbi inaweza kubishaniwa. Msimamizi anaweza kusema wale walikuwa wachache wenye makelele, au kwamba walizomea kwa sababu adui wao ni hodari. Tarakimu haziachi pa kujificha. Kampuni ilijiumiza yenyewe mbele ya watu, ikakubali, na ikatekeleza.

Kisha ikafanya kile ambacho Milwaukee walikifanya na Edge, lakini kwa subira ambayo sijaiona kwingine. Naito alishindwa na Okada usiku ule. Mwaka 2015 akaenda Mexico, akajiunga na kundi la Los Ingobernables, akarudi akiwa mtu mwingine: mwenye dharau, asiyeharakia chochote, anayevua suti yake taratibu huku mpinzani akimsubiri. Mashabiki wale wale waliomkataa wakaanza kumshangilia, na yeye hakujishughulisha kuwashukuru. Alipoupata ule mkanda wa pili, ule uliompora nafasi ya kufunga usiku, aliurusha hewani, akaukokota sakafuni, akaupiga kwenye vyuma hadi ukavunjika. Mwaka 2019 mashabiki waliombwa kura tena, safari hii kama wanataka mikanda yote miwili iwaniwe katika pambano moja, na wakasema ndiyo. Tarehe 5 Januari 2020, kwenye Tokyo Dome, Naito alimshinda Okada akaibeba yote miwili, katika pambano la kufunga usiku. Alikuwa na desturi ya kumaliza kwa kuyataja majina ya wenzake mmoja mmoja, na ukumbi kuitikia jina la kundi lao kwa pamoja. Kabla hajafika mwisho wa majina hayo, mwanamieleka mwingine, KENTA, aliingia akamwangusha na kumkalia kifuani.

Baada ya hapo ukaja ugonjwa wa korona, na katika kumbi za Japani watazamaji wakakatazwa kupiga kelele. Waliruhusiwa kupiga makofi tu. Mnaelewa maana yake: kwa zaidi ya miaka miwili kura ya sauti iliondolewa kwa amri ya afya, na wanamieleka walipigana mbele ya maelfu ya watu waliokaa kimya kama wako msikitini wakati wa hotuba.

Tarehe 4 Januari 2024, miaka 10 kamili tangu usiku ule aliokataliwa kwa kura, Naito alimshinda bingwa wa wakati ule, SANADA, kwenye Tokyo Dome na kuutwaa ubingwa mkuu. Alipoanza kuyataja majina, kundi la mwanamieleka aitwaye EVIL lilimvamia, na kwa dakika chache ikaonekana kwamba atakatizwa tena. SANADA, aliyekuwa ametoka kushindwa, akaingia kumwokoa. Naito akaokota kipaza sauti, akaanza upya tangu jina la kwanza, na safari hii ukumbi ukaitikia hadi mwisho.